Deni la Mchora Katuni: Picha ya Kamera na Maadili ya Kutazama

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anamweka mchoraji katika daraja ya tatu kutoka kwenye ukweli. Kitanda cha kwanza ni dhana ya kitanda, ambayo ni kazi ya Mungu. Cha pili ni kile kinachoundwa na seremala. Cha tatu ni taswira inayochorwa na mtu asiyejua kuunda kitanda wala kukipima ubora wake. Hoja hiyo imejadiliwa sana na wahakiki wa fasihi, aghalabu kwa kulinganishwa na utetezi wa uigaji uliotolewa na Aristotle, na hapana haja ya kuirudia hapa. Jambo ambalo halijazingatiwa vya kutosha ni daraja ya nne. Mchora katuni anayetaka kuchora kitanda mara nyingi hakitazami kitanda chenyewe. Hutazama picha ya kitanda iliyopigwa kwa kamera na mtu mwingine, mahali pengine, kwa madhumuni mengine, kisha akaipunguza hadi ikabaki mistari sita au saba. Kwa vipimo vya Plato, msanii huyu yuko mbali na ukweli kumpita hata yule mchoraji aliyelaumiwa. Je, ana kosa gani, ikiwa analo?

Wanaomlaumu humtuhumu kwa mambo mawili. Wapo wasemao kwamba anadanganya, kwa kuwa anatumia gongo pale ambapo alipaswa kutembea kwa miguu yake. Na wapo wasemao kwamba anaiba, kwa kuwa picha ni jasho la mpiga picha. Makala haya yanashikilia kwamba tuhuma ya kwanza ni dhaifu, na ya pili ina uzito lakini haifiki kwenye kiini cha jambo. Deni kubwa zaidi la mchora katuni linamhusu mtu ambaye hatajwi katika mabishano hayo: yule aliyemo ndani ya picha na, zaidi yake, yule ambaye msanii hakuona haja ya kumtafutia picha.

Tuhuma ya udanganyifu inatokana na imani kwamba katuni, kwa kuwa haifanani na vitu vilivyo, ni zao la ubunifu mtupu. Mchoraji wa kweli, husemwa, huchota kichwani. Lakini kilichomo kichwani ni nini? Ni mabaki ya vitu alivyopata kuviona, na sehemu kubwa ya mabaki hayo ni katuni za watu wengine. Mtu asiyekitazama kitu hachori kitu hicho kwa uhuru. Hunakili, bila kujua, jinsi waliomtangulia walivyozoea kukichora. Lugha ya Kiswahili yenyewe ina somo katika neno chuku. Kwa mhakiki wa fasihi chuku ni tamathali ya kulikuza jambo kupita kiasi, nayo ndiyo tamathali kuu ya katuni: pua hurefushwa, tumbo likafutuka, kidevu kikatoweka. Ilhali chuku, kwa maana yake ya kimwili, ni pembe ya kuumikia, ambayo mganga huibandika mwilini na kuifyonza hewa mpaka ngozi ikavimba. Pembe hiyo haivimbishi hewa. Sharti pawe na nyama chini yake.

Historia ya filamu za katuni inaiunga mkono hoja hii. Mwaka 1917 Max Fleischer alipata hataza ya mtambo uliomwezesha mchoraji kufuatisha, fremu baada ya fremu, miondoko ya mtu aliyepigwa filamu. Nduguye Dave akavaa mavazi ya mchekeshaji, na kutokana na miondoko yake akazaliwa mhusika Koko. Miaka ishirini baadaye studio ya Walt Disney ilimpiga filamu mchezaji dansi kijana, Marjorie Belcher, ili wachoraji wa Snow White and the Seven Dwarfs (1937) wapate kuchunguza jinsi gauni linavyoufuata mwili unapogeuka. Wachoraji hao waligundua kwamba mistari ikifuatishwa kama ilivyo mhusika hukosa uhai, ijapokuwa kila mstari ni sahihi. Kwa hiyo walilazimika kuchagua, kupunguza na kukuza. Gongo halikuwatembeza, kazi ya kutembea ilibaki kuwa yao.

Tuhuma ya wizi ni nzito zaidi. Wakenya wengi wanalikumbuka bango la mwaka 2008 lenye uso wa Barack Obama uliochorwa kwa rangi bapa za nyekundu na buluu, macho yakitazama juu na mbali. Msanii wake, Shepard Fairey, alilichora kutokana na picha iliyopigwa Aprili 2006 na Mannie Garcia kwa shirika la habari la Associated Press. Mzozo wa haki ulipofika mahakamani mwaka 2009, Fairey alikuwa na hoja yenye nguvu, kwamba ameigeuza picha ya habari kuwa nembo. Hata hivyo, pamoja na kuitoa hoja hiyo, alidai kwamba chanzo chake kilikuwa picha nyingine ya hafla ile ile, ambamo Obama ameketi na mwigizaji George Clooney, kisha akafuta na kughushi ushahidi ili kuulinda uongo huo. Alikiri mwaka huo huo. Shauri la madai lilimalizwa kwa mapatano mwaka 2011, na mwaka 2012 akahukumiwa kwa kuidharau mahakama: uangalizi wa miaka miwili na faini ya dola 25,000.

Mhakiki wa maadili ana sababu ya kuupima uongo huo kuliko hata bango lenyewe. Picha yenye watu wawili ingehitaji kukatwa na kufanyiwa kazi zaidi. Kwa kuitaja hiyo, msanii aliurefusha umbali baina ya chanzo na zao lake. Aliona haya kuonekana amekopa kwa karibu mno. Lakini yale macho yanayotazama juu, ambayo umma uliyasoma kuwa matumaini, yalikuwa tayari yamechaguliwa na mtu aliyesimama na kamera, akangoja, akabonyeza kwa wakati wake. Kulificha deni la aina hiyo ni kumfuta mtu huyo. Kulitangaza kusingepunguza chochote katika ustadi wa Fairey.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri linalokaribiana na hilo. Lynn Goldsmith alikuwa amempiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida moja likalipa dola 400 ili picha hiyo itumiwe kuwa rejea ya msanii, kwa mara moja tu. Msanii alikuwa Andy Warhol, naye akatengeneza kazi 16 kutokana na picha hiyo. Baada ya Prince kufariki mwaka 2016, moja kati ya kazi hizo ilichapishwa tena kwa malipo ya dola 10,000 kwa wakfu wa Warhol, na Goldsmith hakupata kitu. Majaji saba kwa wawili walimpa ushindi Goldsmith. Hawakusema kwamba Warhol hakubuni. Walisema kwamba, katika matumizi hayo, picha yake ilishika nafasi ile ile ambayo picha ya Goldsmith ingeishika kwenye jarida. Jaji Elena Kagan, aliyepinga, alihofia kwamba uamuzi huo utaidumaza sanaa. Hofu yake ina msingi kwa wasanii wachanga wasio na mawakili, ingawa ni vigumu kuona jinsi sanaa inavyonufaika pale mmoja anapolipwa na mwingine asikumbukwe hata kwa jina.

Sheria hupima soko, nayo inafaa kwa kazi hiyo. Lakini tuseme mchora katuni ameomba ruhusa, amelipa, na amemtaja mpiga picha. Je, deni limekwisha? Kisa cha Georges Remi, Mbelgiji aliyejulikana kwa jina la Hergé (1907–1983), kinaonyesha kwamba halijaisha, na kinastahili kutazamwa kwa utuvu.

Hergé ndiye kielelezo cha mtindo ambao mchoraji wa Uholanzi, Joost Swarte, aliupa jina la mstari wazi mwaka 1977: wino wa unene mmoja, rangi bapa, vivuli vichache au hapana kabisa. Ni uchoraji uliorahisishwa sana, na papo hapo ni uchoraji uliojaa rejea. Hergé alikata picha kutoka magazetini na kuzihifadhi. Kasri la Moulinsart katika vitabu vya Tintin ni kasri la Cheverny huko Ufaransa lililoondolewa mabawa yake mawili ya kando. Hakulibuni, alilipunguza, na msomaji aliyewahi kuliona la Cheverny hulitambua mara moja. Alipohitaji meli ya shehena kwa ajili ya Coke en stock (1958), alisafiri baharini pamoja na msaidizi wake Bob de Moor ili waichunguze. Motokaa, ndege na bunduki katika vitabu vyake huweza kutajwa na wajuzi kwa aina zake.

Sasa na tuitazame hadithi aliyoichapisha kati ya 1930 na 1931 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, ambamo Tintin anakwenda Kongo. Hergé hakupata kufika Kongo. Alilokuwa nalo ni jumba la makumbusho la kikoloni huko Tervuren, nje kidogo ya Brussels, na humo mlikuwa na sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913, ikimwonyesha mtu wa chama cha siri cha Aniota aliyevaa ngozi ya chui, mwenye makucha ya chuma, akimnyemelea mtu aliyelala. Vazi hilo limo katika hadithi ya Tintin, nalo linafanana vya kutosha na lile la sanamu. Kwa hiyo rejea ilikuwapo. Ngozi ya chui ilitafutiwa mfano. Nyuso za Wakongo hazikutafutiwa. Zilichotwa kichwani, yaani zilichotwa katika mazoea ya vibonzo vya Ulaya na Marekani vya wakati huo: midomo minene kama mkate, macho duara, kichwa kimoja kikirudiwarudiwa juu ya miili mingi.

Yamkini atatokea mtu aseme kwamba hiyo ndiyo kawaida ya katuni, maana hata uso wa Tintin ni duara, nukta mbili na kishungi cha nywele. Pingamizi hili linajibika kwa msaada wa Scott McCloud, ambaye katika Understanding Comics (1993) alieleza kwamba uso uliorahisishwa humwalika msomaji auvae kama kinyago, ilhali mandhari yaliyochorwa kwa uhalisia humpa ulimwengu wa kuingia. Naye alimtaja Tintin kuwa mfano. Maelezo hayo ni mazuri, ila hayakufikishwa mwisho. Katika hadithi ya Kongo mna namna tatu za kuchorwa, wala si mbili. Kuna Tintin, ambaye uso wake ni mtupu ili msomaji aingie. Kuna vitu, ambavyo vimechorwa kwa rejea ili msomaji aviamini. Na kuna Wakongo, ambao wamerahisishwa kama Tintin, lakini hakuna msomaji anayealikwa kuzivaa nyuso zao. Wala hawakupewa heshima iliyopewa motokaa, ya kutazamwa kabla ya kupunguzwa. Urahisishaji ni ule ule wa wino, lakini kimaadili ni vitendo viwili tofauti. Mmoja ni upunguzaji wa kitu kilichojulikana. Wa pili ni uvivu uliovaa joho la mtindo.

Hadithi hiyo ilichorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Mahali ambapo Tintin alikuwa akiwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji pakawekwa somo la hesabu. Maneno yalisahihishwa, nyuso zikabaki. Pengine hakuna ushahidi bora zaidi wa jinsi mtindo unavyokwepa maswali ambayo maandishi huulizwa. Raia mmoja wa Kongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji aliishtaki hadithi hiyo mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikayakataa madai yake, kwa kuwa haikuona nia ya kuchochea ubaguzi. Mahakama ilitafuta nia. Hoja inayojengwa hapa haihitaji nia, kwani mtu asiyetazama hahitaji kukusudia lolote.

Mwaka 1934 Hergé alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana wa Kichina aliyekuwa akisomea sanaa mjini Brussels. Kutokana na urafiki wao kilizaliwa Le Lotus bleu, kilichotoka kwa mfululizo kuanzia mwaka huo na kuwa kitabu mwaka 1936. Mitaa ya Shanghai imechorwa kwa msaada wa picha za kamera, na maandishi ya Kichina kwenye kuta na mabango yalitungwa na Zhang mwenyewe, baadhi yake yakiwa wito wa kisiasa ambao msomaji wa Kibelgiji hakuweza kuusoma. Mlipuko wa reli wa mwaka 1931 karibu na Mukden, uliotumiwa na Japani kuwa kisingizio cha kuivamia Manchuria, umo ndani ya hadithi. Na Wachina wa kitabu hicho ni watu: wazee kwa vijana, wema kwa waovu, kila mmoja na uso wake, ingawa mistari ni michache kama zamani.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba tofauti hiyo ililetwa na rejea bora zaidi. Hitimisho hilo ni nusu ya kweli. Hata hadithi ya Kongo ilikuwa na rejea yake. Kilichoongezeka mwaka 1934 si picha tu, bali mtu aliyeweza kusema hapana. Picha ya kamera ina fadhila nyingi: haichoki, haisahau idadi ya vifungo vya shati, haibadilishi pembe ya dirisha. Lakini haina uwezo wa kukataa. Inaweza kupunguzwa, kukuzwa, kuchekeshwa, nayo itanyamaza. Zhang hakunyamaza. Na ushahidi wa hoja hii umo ndani ya kitabu hicho hicho, kwa sababu Wajapani wake, ambao hawakuwa na Zhang wao mezani kwa Hergé, wamechorwa kwa meno yaliyotokeza na mbwembwe za kikaragosi. Mchoraji yule yule, kalamu ile ile, hifadhi ile ile ya picha. Penye aliyekataa, mazoea yalirudi nyuma. Pasipo na wa kukataa, yalikaa pale pale.

Hapa hapana budi kukabili swali la vibonzo vya kisiasa, kwa kuwa mchora katuni wa gazeti hamwombi rais ridhaa. Wachoraji wa Kenya, Gado na Maddo wakiwemo, walipomchora Daniel arap Moi katika miaka ya tisini, walifanya hivyo bila yeye kuketi mbele yao, na chuku ilitumika bila huruma. Kwa nini hilo lisihesabiwe kuwa kosa lile lile? Sababu ni kwamba Moi alikuwa na picha nyingine. Picha yake rasmi ilitundikwa maofisini na madukani, na sura yake ilikuwa kwenye noti na sarafu zilizomo mifukoni mwa wasomaji. Kibonzo kilikuwa jibu kwa picha ambayo tayari ilikuwa imesema mengi, na msomaji aliweza kuziweka sambamba na kuamua. Mkongo wa mwaka 1930 hakuwa na ukuta wowote mjini Brussels wa kutundika picha aliyoichagua mwenyewe. Tashtiti humhitaji mtu ambaye sura yake inajulikana. Asipojulikana, kinachochorwa kinakuwa ndiyo sura yake.

Kwa msanii wa Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali. Anayeombwa kuchorea kitabu cha watoto mwanamke wa Unguja au wa Mombasa wa miaka mia moja iliyopita atazikuta postikadi za studio za Zanzibar, kama zile za A. C. Gomes na za ndugu wa Coutinho. Picha hizo ni hazina; kanga, vito na milango imo humo kwa usahihi ambao kumbukumbu haiwezi kuutoa. Lakini wengi wa wanawake hao hawatajwi kwa majina. Chini ya picha huandikwa kabila au aina ya mtu, kama inavyoandikwa chini ya picha ya ndege, na mikao yao iliamuliwa kwa ajili ya mnunuzi aliyekuwa ng'ambo. Mchoraji anayeuazima mkao pamoja na kanga ameazima pia amri iliyomfanya mwanamke yule asimame vile. Haimaanishi kwamba asiitumie picha. Inamaanisha kwamba aitenge kanga na mkao, na kwamba kwa huo mkao amwendee bibi mmoja wa Kibokoni, amwonyeshe mchoro, na awe tayari kuambiwa kuwa hakuna mtu aliyekaa hivyo ila mbele ya kamera.

Sanamu ya Wissaert nayo imeendelea kuchorwa. Chéri Samba wa Kinshasa, ambaye alianza kazi kwa kuchora mabango ya maduka na hadithi za picha, aliichora mwaka 2002 katika mchoro wake uitwao Réorganisation. Hakuikwepa wala hakuificha. Mtu wa chui yupo, anatambulikana, na makucha yake. Lakini amefungwa kamba, yuko kwenye ngazi za jumba la Tervuren, na kundi la Waafrika linamvuta atoke huku kundi la Wazungu likimvuta arudi ndani. Jumba lilipofunguliwa tena Desemba 2018 baada ya ukarabati wa miaka mitano, sanamu ilikuwa imehamishiwa chumba cha kando, pamoja na nyingine zilizoondolewa katika maonyesho ya kudumu.